Kisamvu cha Kasino

Kabla hatujaingia ndani, Anuari alinishika kiwiko akaninong'oneza kwa mara ya mwisho. "Kumbuka ni Kasulu. Akiuliza kijiji, sema Heru Juu."

"Akiuliza ukoo?"

"Hatauliza."

"Mama yako? Mwanamke aliyeuza vitenge Majengo miaka thelathini asiniulize ukoo?"

"Josi, tafadhali. Ni mchana mmoja tu. Akishakupenda, mimi mwenyewe nitamwambia ukweli."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na katika miaka miwili ya kupendana sikuwa nimewahi kumkatalia Anuari kitu. Nalisema hili bila aibu. Mwanaume akikuangalia kama Anuari alivyokuwa akiniangalia mimi, kichwa kimeinama kidogo na kope zimeshuka, utadhani wewe ndiye habari njema aliyokuwa akiisubiri tangu asubuhi, unakubali kuwa Muha, unakubali kuwa Mmanyema, na ukiombwa vizuri unakubali hata kuwa Mjapani.

Ukweli ni kwamba mimi ni Joséline, binti wa Donatille, mzaliwa wa Katumba, kwenye makazi waliyofikia babu zangu walipokimbia Burundi. Mama yangu naye alizaliwa humo humo. Hatujui kwingine. Lakini hapa Mpanda mjini, ukitaja Katumba, wapo watu wanaoanza kukuangalia upya kuanzia miguuni. Bi Mwanaiddi, mama yake Anuari, alikuwa mmoja wao. Ukristo wangu alishaukubali, Katumba asingeikubali, na bila ridhaa yake Anuari asingeoa. Alikuwa ameniambia hivyo mapema, na mimi nikamheshimu kwa kunieleza.

Mahali pa kukutana palitupa tabu. Bi Mwanaiddi hakutaka nikanyage nyumbani kwake, alisema nikivuka kizingiti tu majirani watahesabu ni posa. Kwenda Katumba ndiyo kabisa, maana Katumba haikutakiwa hata kutajwa. Basi Anuari akatafuta mahali ambapo hapatakuwa na mtu wa Majengo hata mmoja, na akili yake ikaishia kwenye bufee ya Kiboko Palace, Jumamosi saa saba mchana.

Kiboko Palace ni hoteli, lakini hakuna anayeiita hoteli. Watu wanasema Kasino, kwa sababu huwezi kufika kwenye chumba cha chakula bila kupita katikati ya mashine za kamari, zile za kuwaka taa na kulia muda wote kama zina njaa.

Bi Mwanaiddi alishuka kwenye bajaji akiwa na baibui jeusi na mtandio wa zambarau. Nikapiga goti kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama," Anuari akajibu.

"Mrefu."

Sikujua kama hiyo ni sifa au kosa, nikasema asante.

Tulipita kwenye mashine kwa mwendo wa haraka. Bi Mwanaiddi alijifunika uso akabakiza jicho moja, anavuta uradi chinichini kila hatua. Tulipofika mashine ya mwisho, mzee aliyekaa pale akageuka. Alikuwa Mzee Mikidadi, jirani yake Bi Mwanaiddi ukuta kwa ukuta, ambaye huja kwenye duka la dawa ninakofanya kazi kununua vidonge vya presha na kutuachia mawaidha ya bure. Wakaangaliana. Kisha Mzee Mikidadi akarudi kwenye mashine yake, Bi Mwanaiddi akashika njia yake, na hakuna aliyemsalimia mwenzake.

"Si Mzee Mikidadi yule?" Anuari akauliza.

"Sijamuona mtu," mama yake akasema. "Na yeye hajaniona."

Nilicheka kimoyomoyo, na hofu ikapungua kidogo. Nilijiambia, mwanamke mwenye utani wa namna hii hawezi kunishinda.

Chumba cha chakula kilikuwa na baridi ya kiyoyozi. Upande mmoja wa meza ndefu kulikuwa na chipsi, tambi, kuku wa kukaanga na kabichi iliyozamishwa kwenye mayonezi. Upande wa pili waliweka ubao ulioandikwa kwa chaki: Jumamosi ya Vyakula vya Katavi. Mhudumu alikuwa Masalu, Msukuma mmoja mtu mzima mwenye tai fupi, na Bi Mwanaiddi alianza naye hapo hapo.

"Kuku kachinja nani?"

"Ustadhi, mama. Anakuja kila asubuhi."

"Ustadhi anaingia kasino?"

"Haingii. Anachinjia nje ya geti, sisi tunapokea."

Bi Mwanaiddi akafikiri, akaona samaki hawana maswali mengi. Akahamia upande wa ubao. Masalu akawa anamfunulia mabakuli moja moja: migebuka ya Karema iliyopikwa na nyanya, uyoga wa porini, matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ugali wa muhogo uliofunikwa kwa kitambaa, na bakuli kubwa la mwisho lililokuwa na kisamvu chenye mawese.

"Sasa, hivi si ndivyo vitu vya nyumbani?" Bi Mwanaiddi akasema. "Mtu atoke Majengo aje alipie matobolwa?"

"Wageni wanaokwenda mbugani wanayagombania, mama. Na wenyeji pia siku hizi. Wengi wanasema hawakujua kama vina ladha hii."

"Ukirudia wanaandika?"

"Hawaandiki. Rudia hata mara tano."

Alitazama huku na huku, akapakua kwa mkono wa ukarimu. Tukakaa karibu na dirisha, mimi na Anuari upande mmoja, yeye peke yake mbele yetu kama hakimu. Chini ya meza, kiatu cha Anuari kilikuja kikagusa changu na kukaa hapo. Mpaka leo nakumbuka joto la mguu ule.

"Sa wewe ni Muha," Bi Mwanaiddi akaanza.

"Ndiyo mama."

"Wa wapi?"

"Kasulu. Heru Juu."

"Mimi nimezaliwa Ujiji. Waha nimekua nao, ni watu wa kazi." Alimega ugali, lakini hakula. "Binti, usinione mkali. Nakuuliza kwa sababu nimeshaumwa. Anuari amekwambia habari za kaka yake Dulla?"

"Kidogo tu."

"Hawezi kukwambia zote, anajua zinaniuma. Dulla alioa Katumba. Mimi nilimpokea yule msichana, nikamfunza biashara, nikalala naye hospitali siku ya kujifungua. Wakagombana na Dulla, ugomvi wa kawaida wa ndani. Asubuhi moja akabeba mtoto, tukasikia amevuka mpaka. Nikaenda Katumba kutafuta wazee wake tukae tuongee, naambiwa baba hayupo, wajomba wako nje, hakuna wa kuitisha kikao. Nilirudi na kanga nilizowabebea. Mjukuu wangu sasa ana miaka tisa. Akipita hapa mbele yangu simjui sura. Kwa hiyo nimesema, mtu wa Katumba kwangu basi. Sio kwamba ni wabaya. Ila ukigombana naye, unampelekea nani kesi?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na mtu hawezi kumchukia bibi anayelilia mjukuu. Nilitamani kumwambia mama, mimi ninaye wa kumpelekea kesi, mama yangu yupo, kilomita chache kutoka hapa, hahami kwenda popote. Nikamgeukia Anuari. Alikuwa anatoa miiba ya mgebuka, mmoja mmoja, kwa umakini wa fundi saa.

"Pole sana mama," nikasema.

"Nimeshapoa. Kula, chakula kitapoa na chenyewe."

Akachota kisamvu, akala. Akaacha kutafuna kidogo, akala tena. Uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu ashuke kwenye bajaji.

"Hebu onjeni hiki," akasema. "Anuari, onja. Mimi kisamvu nakijua, cha nazi nakijua, cha karanga nakijua. Hiki kimefanywa nini?"

Nikachota kidogo kwenye sahani yangu.

Kuna dagaa wa Ikola ambao mama yangu huwakausha kwenye chungu bila tone la mafuta, mpaka wanatoa harufu ya moshi, kisha akawatwanga na kuwamwaga kwenye kisamvu wakati kinataka kuipuliwa. Huweka na nyanyachungu mbili nzima zisizokatwa. Hajafundishwa na mtu, alianza mwenyewe mwaka ambao mafuta yalikuwa hayapatikani. Nimekula kisamvu hicho tangu sina meno. Hakuna mwanamke mwingine Katavi nzima anayekipika hivyo.

Wiki tano kabla ya siku ile mama aliniambia amepata kibarua cha kupika mjini kila Jumamosi, kwenye mgahawa mmoja wa stendi. Nilimuuliza jina la mgahawa, akaniuliza mimi nataka jina la nini. Sasa nilielewa. Mama ni mweka hazina wa kina mama kanisani. Asingeweza kumwambia mtu yeyote, hata mimi, kwamba anapika Kasino.

Nikaweka kijiko chini. "Anuari," nikanong'ona, "tuondoke."

"Kwa nini?"

"Tuondoke tu. Nitakueleza."

"Josi, mama anafurahi," akanong'ona. "Usiharibu."

Bi Mwanaiddi alikuwa ameshamwita Masalu. "Kaka, mpishi wa kisamvu ni nani?"

"Kuna mama mmoja huja Jumamosi, ndiye anapika upande huu wote."

"Niitie. Mtu akifanya kazi nzuri ashukuriwe."

Nilitaka kwenda chooni, nilitaka kuangusha glasi, nilitaka umeme ukatike kama unavyokatika siku zote usipohitajika kukatika. Haukukatika. Mlango wa jikoni ukafunguka, na mama akaja nyuma ya Masalu, amefunga kitambaa cheupe kichwani, amevaa aproni ya hoteli iliyomzidi, mikononi amebeba bakuli dogo la kisamvu cha moto. Alikuwa anatabasamu, maana ameambiwa anaitwa kusifiwa. Kisha akaniona.

Tabasamu lilibaki pale pale, lakini nilimuona akihesabu. Mimi, kijana aliyekaa karibu yangu, mwanamke mwenye baibui. Jina la Anuari analijua, alishamuombea mpaka majirani wakalizoea. Alifungua mdomo kuniita.

"Karibu mama," Bi Mwanaiddi akamuwahi. "Nimekuita nikupe hongera. Nimeletwa hapa na mwanangu kumuona mkwe, Muha wa Kasulu huyu hapa, hata yeye amekula akaishiwa maneno. Muangalie."

Mama akaniangalia. Niliona neno Kasulu linavyoingia na kukaa mahali pake. Hakuuliza. Alifunga mdomo wake taratibu, akakaza mikono kwenye bakuli.

"Asanteni," akasema. "Hongera ya mkwe."

"Wewe ni wa wapi, mama?"

"Katumba."

Mkono wa Bi Mwanaiddi uliokuwa unakwenda kwenye sahani ukasimama. Lakini alikuwa amemwita mwenyewe, akaona haya kumfukuza. "Aha," akasema.

"Nimekuletea cha moto, mama. Kile cha kwenye meza kimekaa." Mama akaweka bakuli mbele yake, akachukua kijiko, akachota kidogo pembeni, akala mwenyewe, kisha akakiacha kijiko hicho hicho ndani, akamsogezea Bi Mwanaiddi bakuli kwa mikono miwili. Alifanya bila kufikiri. Nyumbani kwetu hajawahi kumpa mgeni kitu kwa namna nyingine.

Bi Mwanaiddi akasukuma kiti nyuma. "We mama. Unakula mbele yangu halafu unanipa mimi? Unanilisha makombo?"

Masalu akaingilia, "Mama, samahani, nitaleta kingine."

"Hapana, nauliza. Hivyo ndivyo mnavyofanyia watu huko kwenu?"

"Nisamehe," mama akasema. Alirudisha mikono kwenye aproni, akainama. "Nimekosea. Nisamehe sana, mama."

Mama yangu ana miaka hamsini na moja. Amelima tumbaku peke yake tangu baba afariki, amenisomesha, na sikuwahi kumuona akiinama kwa kosa ambalo hakulifanya. Mguu wa Anuari ulikandamiza wangu chini ya meza, kunionya. Nikauvuta mguu wangu.

"Sio makombo," nikasema. "Ni heshima. Kwetu anayekupa chakula lazima aonje mbele yako, ili ujue hana nia mbaya na wewe. Akikupa bila kuonja ndiyo amekudharau."

Hata mimi nililisikia nililolisema.

"Kwenu wapi?" Bi Mwanaiddi akauliza.

Anuari akacheka kicheko kidogo kibaya. "Waha na wenzao mila zinakaribiana, mama. Ni majirani."

"Sijakuuliza wewe. Nimekua na Waha mimi." Alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi na mama, mama na mimi. Mimi ni mrefu kama mama. Nina paji lake la uso, na mwanya wake. Yeyote aliyetukalisha pamoja dakika mbili angeona. "Mama," akamwambia mama yangu, sasa kwa sauti ya chini, "huyu binti unamjua?"

Nilimuomba mama kwa macho. Mpaka leo sijui nilikuwa namuomba nini, aseme ndiyo au aseme hapana.

Mama aliniangalia usoni, akanipitia polepole, nywele, macho, hereni alizoninunulia mwenyewe siku nilipopata kazi.

"Simjui," akasema. "Ni binti mzuri. Wazazi wake huko Kasulu wana bahati." Akachukua bakuli lake. "Niruhusuni nirudi jikoni."

Akageuka. Alitembea wima kabisa, kama watu wanavyotembea kanisani kwenda kutoa sadaka. Kando yangu, nilimsikia Anuari akishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyepona. Ndani ya pumzi ile nikayaona maisha yangu yote: harusi Majengo ambayo mama hatakuwepo, watoto watakaoambiwa bibi yao yuko mbali, mama akinipita sokoni akiniita dada. Na Anuari akishusha pumzi kila mara.

"Mama," nikaita.

Alisimama lakini hakugeuka. Nadhani alitumaini namuita Bi Mwanaiddi.

"Mama Donatille. Rudi."

Nilisimama. "Bi Mwanaiddi, nisamehe. Mimi ni wa Katumba, na huyu ndiye mama yangu mzazi. Hajakudanganya kwa kupenda. Amenisikia naitwa Muha, akaona anifichie."

Bi Mwanaiddi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Alikunja kitambaa cha kufutia mikono, akakiweka kando ya sahani, akamgeukia mwanae.

"Anuari. Nimekaa hapa nimeeleza habari za mjukuu wangu mbele ya mtu wa Katumba, na wewe unatoa miiba. Nani alisema Kasulu? Wewe au yeye?"

Anuari aliniangalia. Yale macho, zile kope. Nilimuona anavyonipenda, haki ya Mungu niliona, hakuwa anaigiza miaka yote miwili. Kisha akamuangalia mama yake, na kitu kikashuka usoni kwake kama geti la duka.

"Yeye ndiye aliniambia, mama," akasema. "Mimi niliamini hivyo hivyo."

Nilisubiri. Nilimpa muda, nikidhani atameza mate na kujirekebisha. Aliangalia sahani.

Sikulia. Kilio kilikuja baadaye, siku nyingine, dukani, mteja akiwa ananiuliza bei ya panadol. Pale mezani nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza kwa upole kwa sababu bado nilikuwa nampenda.

"Anuari, mama yangu amenikana sasa hivi ili mimi nikupate wewe. Wewe umenikana ili upate nini?"

Mashine zilikuwa zinalia ukumbini. Masalu aliangalia viatu vyake.

"Mjibu," Bi Mwanaiddi akamwambia mwanae.

Anuari akarudi kwenye miiba ya mgebuka.

"Anuari, mimi nimekuzaa. Najua ukisema uongo sikio lako la kushoto linavyokuwa. Mjibu binti wa watu."

"Mama, tutaongea nyumbani," akasema.

Bi Mwanaiddi akafumba macho. Nilipochukua pochi yangu alinyoosha mkono kidogo juu ya meza, sijui kunizuia au kunipa, akaurudisha. Sikumlaumu, na leo pia simlaumu. Yeye kwa mara ya pili alikuwa na ugomvi na watu wa Katumba na hana wa kumpelekea kesi, na safari hii mwenye makosa alikuwa wa kwake.

Nilisukuma mlango wa jikoni. Mama alikuwa amesimama kwenye sinki, anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. Hakugeuka.

"Kwa nini umeniita?" akasema. Kirundi chake kilikuwa kinatetemeka, akahamia Kiswahili kana kwamba Kiswahili kingemshikilia. "Nilikuwa nimeshamaliza. Ningetoka kwa mlango wa nyuma, ningeenda zangu."

"Ungeenda zako, nani angekuomba radhi?"

"Radhi ya nini? Umempata mtu mzuri. Miaka miwili unamsema mpaka usingizini."

"Amesema mimi ndiye niliyedanganya, mama."

Mikono yake ikaacha kusugua. Aliangalia maji. "Kijana akiogopa mama yake anasema chochote," akasema, lakini sauti haikuwa ya mtu anayeamini. "Atakuja. Ungevumilia. Ungeolewa, ungetulia, na mimi ningekuwa nakuona mara moja moja. Sokoni. Kanisani siku za sikukuu, ningekaa nyuma."

"Halafu?"

"Halafu nini. Ningezoea, mwanangu."

Nyuma yangu mlango ulifunguka kidogo. "Josi," Anuari akaita. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba, ile niliyokuwa nimeikubalia kila kitu kwa miaka miwili, na mwili wangu wote ulitaka kugeuka. "Josi, njoo mara moja."

Nilifungua kamba za aproni mgongoni kwa mama. Zilikuwa zimelowa, fundo lilikuwa gumu, nikatumia meno.

"Mimi nisingezoea," nikamwambia mama.